Matairi nyumbani: Mzigo unaotaka akili kabla ya misuli

Na Mwandishi Wetu

MTU anayepita katika mitaa ya Nyamongo, Kata ya Kemambo, wilayani Tarime, hahitaji kwenda mbali kabla ya kukutana na tairi. Moja limeegemezwa ukutani kando ya duka, jingine limewekwa juu ya paa ili mabati yasiezuliwe na upepo, na jingine limekatwa nusu likawa chombo cha kunyweshea kuku. Ndani ya nyumba nako, nyuma ya mlango wa stoo, yamo matairi ya akiba yanayosubiri safari.

Hali hiyo haishangazi. Mgodi wa Dhahabu wa North Mara, ulioko takriban kilomita 100 mashariki mwa Ziwa Victoria na kilomita 20 hivi kusini mwa mpaka wa Kenya, ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo eneo hili limekuwa njia ya magari ya kila aina: malori, mabasi madogo, teksi na pikipiki. Barabara itokayo Tarime kupitia Nyamongo hadi Mugumu, ng'ambo ya Mto Mara wilayani Serengeti, kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe, na changarawe haina huruma na mpira. Mwenye gari asiye na tairi la ziada huonekana kama msafiri aliyetoka bila maji.

Pamoja na wingi huo, ni watu wachache wanaolihesabu tairi miongoni mwa vitu vya hatari nyumbani. Jiko la mkaa huogopwa, waya wa umeme huogopwa, lakini tairi huachiwa mtoto alichezee. Ukweli ni kwamba tairi laweza kuvunja mgongo, kupasuka usoni mwa mtu, kulea mbu wa homa au kuwasha moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Makala haya yanaeleza namna ya kulinyanyua, kulishughulikia na kulihifadhi bila madhara.

Funzo kutoka migodini

Tairi la lori la mgodi wa wazi lenye uwezo wa kubeba tani 140 hivi huwa na kimo cha mita tatu na uzito unaozidi tani mbili. Hakuna anayefikiria kulinyanyua kwa mikono. Katika migodi mikubwa duniani kazi hiyo hufanywa na mafundi waliofunzwa, kwa mashine yenye makucha, katika eneo lililotengwa. Upepo hutolewa kwanza ndipo nati zifunguliwe, na asiyehusika haruhusiwi kusogea.

Taratibu hizo hazikuwekwa kwa sababu ya ukubwa wa tairi peke yake. Ziliwekwa kwa sababu tairi ni mzigo unaobingirika, na lenye upepo ni nguvu iliyofungiwa ndani ya mpira. Tairi la gari dogo lina tabia hizo hizo. Tofauti ni kiasi tu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumlinda mfanyakazi wake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio wenye jukumu la kukagua. Lakini uani kwa mtu hakuna mkaguzi, hakuna mashine wala uzio. Kinachobaki kumlinda mwenye nyumba na familia yake ni utaratibu anaojiwekea mwenyewe.

Ujue uzito kabla ya kuinama

Kosa la kwanza hufanyika kabla mikono haijagusa mpira, nalo ni kukisia uzito kwa macho. Tairi tupu la gari dogo huwa na uzito wa kati ya kilo 7 na 12. Likivishwa ringi ya chuma, gurudumu zima hufikia kilo 15 hadi 25. Gurudumu la gari kubwa la barabara mbaya, kama Toyota Land Cruiser, huweza kuwa na kilo 30 hadi 40 au zaidi, na tairi la lori la mizigo, bila ringi, huweza kuzidi kilo 60.

Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani (NIOSH), katika kanuni yake ya mwaka 1991, iliweka kilo 23 kuwa ukomo wa mzigo wa kunyanyua kwa mikono pale mazingira yanapokuwa mazuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hauko chini ardhini, mnyanyuaji hajipindi na wala harudii kazi mara nyingi. Gurudumu lililolala chini, lenye matope na umbo la duara lisilo na mahali pazuri pa kushika, halitimizi hata sharti moja kati ya hayo. Kwa maana hiyo, gurudumu la gari kubwa ni kazi ya watu wawili, na tairi la lori ni kazi ya kubingirisha au ya mashine.

Kabla ya kulishika, ligonge kwa fimbo na kuchungulia ndani. Tairi lililokaa uani kwa muda huwa maficho mazuri ya nyoka na nge. Kama lina maji, yamwage kwanza. Vaa glavu ngumu, kwa sababu tairi lililolika hutoa ncha za nyaya za chuma zinazochana kiganja kama wembe, na viatu vilivyofunika vidole, si kandambili.

Namna ya kunyanyua

Kanuni ya msingi ni kwamba tairi lisimamishwe kwanza, ndipo libebwe ikibidi. Tairi lililolala hushikwa ukingo mmoja, mnyanyuaji akiwa amechuchumaa, mgongo umenyooka na miguu imeachana kwa upana wa mabega. Nguvu itoke mapajani. Likishasimama, nusu ya kazi imekwisha, kwa kuwa kulibingirisha hakuhitaji nguvu nyingi.

Anayelazimika kulibeba alikumbatie karibu na kifua, na akitaka kugeuka ageuze miguu badala ya kupinda kiuno. Kunyanyua huku kiuno kimepindwa ndiko kunakowaacha vijana wengi na maumivu ya mgongo. Wakiwa wawili, mmoja ahesabu kwa sauti ili wanyanyue na kushusha kwa pamoja. Tairi likiponyoka, liachwe lianguke. Mpira hauvunjiki, lakini kidole cha mguu huvunjika.

Kubingirisha nako kuna masharti yake, hasa katika nchi yenye vilima kama Tarime. Kwenye tambarare, lisukume polepole ukiwa ubavuni mwake, mkono mmoja ukiwa juu ya kashata. Kwenye mteremko, usilibingirishe kabisa; lipakie kwenye toroli au mkokoteni na ulifunge kamba. Gurudumu la kilo 20 lililoponyoka mlimani huongeza kasi kila hatua na huweza kumuua mtoto aliye njiani. Asiwepo mtu wa kujaribu kulizuia kwa mguu. Linalofaa ni kupiga kelele ili walio chini wapishe.

Gari likiwa juu ya jeki

Matairi mengi hushughulikiwa nyumbani kwa sababu ya pancha, na hapo hatari ya tairi hukutana na hatari ya gari lenyewe. Gari liegeshwe mahali palipo sawa na pagumu, breki ya mkono ivutwe, na mawe au kabari ziwekwe kwenye magurudumu yanayobaki chini. Nati zilegezwe kidogo wakati gurudumu bado limekanyaga ardhi, kwa sababu kuzivuta kwa nguvu gari likiwa juu huweza kuliangusha.

Katika udongo laini wa msimu wa mvua, jeki iwekewe ubao mpana chini yake. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Hivyo mtu yeyote asiingize mwili wake chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Njia rahisi ya kujikinga ni kulaza gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari wakati wa kazi. Jeki ikiteleza, gari litaangukia gurudumu badala ya mguu wa mtu.

Upepo unaoua

Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kiasi cha paundi 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba, na la lori hufikia 100 au zaidi. Tairi likipasuka, nguvu hiyo yote hutoka kwa kishindo kimoja, mara nyingi kupitia ubavuni. Kwa sababu hiyo anayejaza upepo asisimame wala kuchuchumaa akiwa ameelekea ubavu wa tairi. Akae upande wa kashata, atumie mpira mrefu wa kompresa na kipimo, wala asikisie kwa kupiga teke.

Mdomo wa tairi la gari dogo ukikataa kukaa kwenye ringi, upepo usizidishwe zaidi ya paundi 40 kwa matumaini kwamba utakaa wenyewe. Upepo utolewe wote, mdomo upakwe maji ya sabuni, kisha kazi ianze upya. Baadhi ya mafundi hunyunyizia petroli na kuiwasha ili mlipuko usukume mdomo mahali pake. Mbinu hiyo imewahi kusababisha majeraha na vifo katika nchi mbalimbali, na haifai kuruhusiwa uani kwa mtu.

Zipo pia ringi za vipande, zenye pete ya chuma inayofunga tairi mahali pake. Hutumika katika malori na katika baadhi ya magari makubwa ya barabara mbaya, ambayo ni mengi maeneo ya migodi. Pete hiyo isipokaa sawasawa huruka kwa nguvu ya risasi wakati wa kujaza upepo. Ringi ya aina hii isiguswe nyumbani. Ipelekwe kwa fundi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia upepo, na upepo utolewe wote kabla ya kufungua kitu chochote.

La mwisho katika mlango huu ni kuchomelea. Ringi iliyopasuka isichomelewe ikiwa bado imevaa tairi, hata kama upepo umetolewa. Joto huufanya mpira utoe gesi ndani ya tairi, na gesi hiyo hulipuka bila taarifa, wakati mwingine dakika kadhaa baada ya moto kuondolewa. Tairi litolewe kabisa kwenye ringi.

Pa kuhifadhi na pasipofaa

Maadui wa mpira ni jua, joto, unyevu, mafuta na hewa ya ozoni. Huyo wa mwisho hafahamiki sana, ingawa ndiye anayeishi jirani na wengi. Ozoni huzalishwa na cheche za umeme, hivyo huwa nyingi karibu na mota za umeme, jenereta na mashine za kuchomelea. Tairi lililowekwa kwenye banda la jenereta au nyuma ya karakana ya kuchomelea hupata nyufa ndogondogo ubavuni mapema, hata kama halijatembea kilomita moja.

Mahali panapofaa ni ndani, penye kivuli, pakavu na pasipo joto kali. Tairi lisafishwe kwa maji na sabuni, likaushwe, kisha liwekwe juu ya mbao na si kwenye udongo mtupu. Lisiwekwe pamoja na petroli, dizeli, oili au rangi, kwa kuwa mpira hunyonya mafuta na kulainika. Na pia kwa sababu madumu ya petroli na matairi ni jirani wabaya siku moto utakapotokea.

Namna ya kuliweka hutegemea kama lina ringi. Tairi tupu lisimamishwe, na ligeuzwe kidogo kila mwezi ili uzito usikae mahali pamoja. Lisitundikwe kwenye msumari wala ndoano, kwa sababu litapoteza umbo. Gurudumu lenye ringi lilazwe au litundikwe kwa ringi yake, lakini lisisimamishwe kwa muda mrefu. Magurudumu yakipangwa yakiwa yamelala, yasizidi manne kwa safu, na la chini lipelekwe juu mara kwa mara. Safu ndefu kuliko hiyo huumiza la chini na ni mtego kwa mtoto anayependa kupanda.

Yaliyosimamishwa yafungwe kamba au yazuiwe kwa kabari pande zote mbili. Yasiwekwe kwenye ukumbi wa kupitia wala mbele ya mlango wa kutokea usiku.

Soma umri ubavuni

Wengi hununua tairi kwa kuangalia kashata pekee. Kashata ni muhimu, na vijiti vidogo vya mpira vilivyomo ndani ya mifereji huonyesha ukomo wa milimita 1.6, kashata ikilingana navyo, tairi limekuwa kipara. Lakini tairi huzeeka hata likiwa limelala stoo.

Ubavuni mwake, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, huwa na tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na lisitumike baada ya miaka 10 hata kama kashata bado inang'aa. Mwenye akiba nyumbani aandike tarehe hiyo kwa chaki juu ya tairi, na atumie kwanza lile kongwe ambalo bado linafaa.

Maji ya tairi na homa

Mvua ikinyesha, tairi lililo nje hukusanya maji ambayo hayamwagiki hata likigeuzwa. Ndani ya maji hayo yenye giza na uvuguvugu huzaliana mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua siku saba hadi kumi hivi. Mayai yenyewe hugandamana na mpira juu ya usawa wa maji na huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, yakisubiri mvua nyingine.

Tanzania inaufahamu ugonjwa huo. Jiji la Dar es Salaam lilikumbwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014, na mwaka 2019 maelfu ya watu waliugua. Mbu huyo huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi kumkinga mtu. Safari zake nazo huhusiana na matairi: mwaka 1985 ndugu yake, Aedes albopictus, aligunduliwa akiwa ameweka makazi Houston, Marekani, na watafiti walihusisha kuingia kwake na shehena za matairi yaliyotumika kutoka Asia.

Dawa yake ni rahisi. Tairi la akiba liingizwe ndani au lifunikwe kwa turubai lililovutwa lisitunze maji. Yaliyo juu ya paa, ya bembea na ya bustani yatobolewe matundu mapana au yajazwe udongo. Lile la kunyweshea kuku limwagwe na kusuguliwa kwa brashi walau mara moja kwa wiki, maana kubadili maji bila kusugua huyaacha mayai yamegandamana.

Kulichoma si kulimaliza

Yapo matairi yanayochomwa, ama kwa kutaka nyaya za chuma zilizomo, ama kwa kutaka nafasi. Moshi wake mzito hubeba masizi na kemikali zenye sumu, na mafuta yanayoyeyuka hupenya udongoni na kuelekea visimani na mitoni. Oktoba 1983, karibu na Winchester katika jimbo la Virginia, Marekani, moto uliwaka katika rundo la matairi yapatayo milioni saba na ukaendelea kuwaka kwa miezi tisa hivi. Kwa nyumba ya kawaida, matairi kumi tu yanatosha kuifanya kazi ya majirani wenye ndoo kuwa bure.

Tairi lililochoka bado lina thamani. Mafundi hulikata wakapata katambuga, kamba za kufungia mizigo na vipande vya kuzuia mtikisiko. Anayelikata ahakikishe halina upepo, atumie kisu chenye makali na akate kwa kuelekea mbali na mwili wake. Lisilofaa kwa lolote lipelekwe kwa mkusanyaji wa taka au liulizwe katika ofisi ya halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamwajibisha kila mtu kuhusu taka anazozalisha, na tairi lililotupwa korongoni halijamtoka aliyelitupa. Mvua italirudisha likiwa na mbu.

Siku moja kwa mwezi

Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji siku moja kwa mwezi ya kuzunguka nyumba: kuhesabu matairi, kumwaga maji, kugeuza yaliyosimama, kupima upepo wa gurudumu la akiba na kuondoa yasiyohitajika. Watoto waelezwe kwamba tairi si mahali pa kujificha wala si kitu cha kubingirisha mlimani.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Katika maeneo kama Kemambo, ambako tairi ni mali na wakati mwingine ndiyo akiba ya familia, tahadhari hiyo huokoa vitu viwili kwa pamoja: mali yenyewe, na mtu aliyeinunua.